Nilipoandika Hapana

Jina lake sitaliandika. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari zake, alifikiri kidogo, kisha akasema, "Weka yote, jina liache. Wanaonijua watanijua, na wasionijua haiwahusu." Kwa hiyo nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita sote tuliopita mikononi mwake pale Machame, na kama wanavyomwita hata wale ambao hawakuwahi kukaa kwenye dawati lake.

Haoni sasa. Nalisema hili mwanzoni ili nisije nikalizunguka, maana nimelizunguka kwa muda mrefu. Waliomjua akiwa na macho yake watakuambia kuhusu kalamu nyekundu aliyoichomeka kwenye nywele kama watu wengine wanavyochomeka kitana. Alisahihisha kila kilichoandikwa. Matangazo ya usharika yaliyobandikwa mlangoni mwa kanisa aliyasahihisha kabla ya ibada, na mchungaji akayasoma yakiwa na alama zake. Kwenye mazishi ya kaka yake wa kuzaliwa alikaa mstari wa mbele na ratiba mapajani, na wakati kwaya inaimba akaongeza herufi iliyosahauliwa kwenye jina la marehemu. Bwana mwenye bucha pale njia panda aliandika "nyama ya ngombe" ubaoni, na Mwalimu kila akipita alimwambia kuna alama imepotea.

"Mwalimu, wateja wanaelewa," yule bwana alimjibu siku moja nikiwepo.

"Wanaelewa kwa sababu wamekuzoea. Mgeni je?"

Aliikuta alama imewekwa wiki iliyofuata. Hakumsifu. Alinunua nusu kilo akaenda zake.

Sisi wanafunzi wake alituita kwa namba zetu za kwenye daftari la mahudhurio. Mimi nilikuwa wa kumi na saba darasani, na mpaka leo, nikiwa na mvi kidevuni, mimi ni Kumi na Saba. Niliwahi kumsikia akimwita mkuu wa idara mmoja serikalini Tatu, mbele ya dereva wake, na yule mkubwa akaitika "Naam, Mwalimu" akiwa amesimama wima.

Alikuwa na swali moja ambalo nadhani alilirudia kuliko neno lolote lingine maishani mwake: "Jibu hili umelitoa wapi?" Ukipata hesabu sahihi ubaoni na ukashindwa kueleza njia, alikufutisha. Niliwahi kulia kwa sababu hiyo nikiwa darasa la sita. Jibu langu lilikuwa sahihi kabisa, ila nililichungulia kwa jirani. Alinipa kifutio akasimama nyuma yangu mpaka ubao ukawa mweusi wote. Hakunichapa. Aliniambia tu, "Sasa kaa chini na ulichonacho."

Watu wa kwetu walimwona ana vituko. Kihamba chake, lile shamba la kuzunguka nyumba, kilikuwa na kahawa iliyotunzwa kuliko ya majirani wote, lakini yeye mwenyewe hakuinywa hata siku moja. Alikunywa chai ya rangi isiyo na sukari. Jumapili, nyumba zote zikinukia mtori wa ndizi, kwake palinukia wali. Alianzia kazi Mabogini, kule tambarare kwenye majaruba ya mpunga, akakaa miaka mingi, akarudi mlimani na mapenzi ya mchele. Wifi zake walimcheka. Aliwajibu, "Ndizi nimezaliwa nazo. Wali nimeuchagua mwenyewe." Ng'ombe wake wa maziwa alimsomea gazeti wakati wa kumkamua, kwa sauti, akidai kwamba bila hivyo hatulii. Mwanawe wa pekee, ambaye ni mpagazi wa watalii mlimani na sasa ni mtu mzima mwenye mabega mapana, alinieleza kwamba alijifunza kusoma akiwa nje ya zizi, akimsikiliza mama yake akimsomea ng'ombe habari za bunge.

Mimi ni mtu wa maabara. Nafanya kazi Moshi mjini, kwenye kitengo cha utafiti wa damu ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na jioni narudi Machame kwa basi au kwa gari langu likiwa zima. Nyumba yangu na ya Mwalimu zimetenganishwa na uzio wa mimea ya masale na mfereji wa maji. Nilipopata kazi hiyo aliniita barazani kwake akaniuliza hasa ninafanya nini huko.

Nikaanza kama tunavyoanza kwa wageni. Nikasema mwilini kuna askari wanaopigana na adui.

"Acha askari," akasema. "Nimefundisha sayansi miaka thelathini. Niambie kinachotokea."

Nikamweleza upya. Nikasema kwenye damu kuna seli nyeupe zinazotambua vijidudu na kuvishambulia, na shambulio lenyewe huleta joto, uvimbe na maumivu. Kuna seli nyingine, chache, za ukoo huo huo, ambazo kazi yake ni kutuliza. Zikigusana na zile zinazoshambulia, au zikimwaga kemikali zake jirani yao, zile hupunguza kuzaliana na kupunguza ukali. Bila hizo, shambulio halijui lini limetosha, na mwili unaumia kwa kinga yake wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuzihesabu hizo seli za kutuliza.

"Na virusi vinafanya nini hapo?"

"Vinaingia kwenye seli hizo pia, Mwalimu. Vinaziharibu kama vinavyoharibu nyingine. Zinapopungua, mwili unabaki umewaka muda wote, hata mtu akionekana mzima, na huko kuwaka kunamchosha. Lakini zikiwa nyingi kupita kiasi napo ni tatizo, kwa sababu zinazuia hata shambulio dhidi ya virusi vyenyewe."

"Kwa hiyo ni nzuri au ni mbaya?"

"Inategemea wakati."

Hilo lilimpendeza. Akaniongezea chai. Kisha akauliza inakuwaje mtu akianza dawa. Nikamwambia kwamba kwa wengi mambo hutengemaa polepole. Ila kuna wachache, hasa wanaoanza wakiwa wamechelewa sana, ambao walikuwa na ugonjwa mwingine umejificha, tuseme kifua kikuu, na mwili haukuwa na nguvu ya kuutambua. Dawa zikianza kufanya kazi, seli za kushambulia zinarudi, zinaukuta ugonjwa ule, zinauvamia kwa nguvu zote, na zile za kutuliza pengine bado hazijawa tayari kuzishika. Mtu anaugua sana wiki chache baada ya kuanza kupona. Ndiyo maana kabla ya kumpa dawa tunamuuliza maswali kwanza, na akiwa na dalili tunatafuta kifua kikuu.

"Hilo la seli za kutuliza kutokuwa tayari, mna hakika?"

"Bado tunachunguza."

"Basi sema bado mnachunguza. Ulisema kama mwenye hakika."

Wakati huo sikujua kwamba alikuwa na sababu ya kuuliza. Labda hata yeye hakujua bado. Mumewe alikwishafariki zamani, na kuhusu hilo sikumwuliza chochote, wala hutalipata kwangu.

Nimesema alikuwa mtu wa kudai ukweli. Lazima niseme pia kwamba alidanganya, na alidanganya kwa ustadi. Alipoanza kukonda aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba ana vidonda vya tumbo. Alimwambia mchungaji hivyo hivyo. Alishona upya nguo zake usiku mmoja baada ya mwingine ili zisimpwaye, na akavaa sweta mbili hata jua likiwaka. Hakutaka kupima Machame wala Moshi. Alipanda magari mawili mpaka Himo, mahali ambapo watu wanashuka na kupanda kuelekea mpakani na hakuna anayemkumbuka mtu, akapimwa huko kwenye zahanati ndogo, akarudi na jibu kwenye mkoba. Siku ya pili asubuhi alikuja getini kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kumi na Saba, nina kile kitu mnachokichunguza."

Alisema hivyo, kana kwamba ananiletea barua iliyopotea. Nikamkaribisha ndani. Alikataa kuketi. Alisema masharti yake ni mawili: mwanawe asijue kwa sasa, na asikae kwenye benchi la kliniki mahali watu wanapita.

Nilimchukua damu mwenyewe. Nilipoihesabu, idadi ya seli zake ilikuwa chini kiasi kwamba niliosha mikono, nikakaa, nikapima tena. Mashine haikuwa imekosea.

Nilimpeleka kliniki kwa gari langu. Njiani tukiteremka alikohoa mara tatu, kikohozi kifupi kikavu, akageukia dirishani kila mara. Nilisikia. Niliongeza sauti ya redio kidogo, nadhani kwa ajili ya heshima, ili asione kwamba nimesikia.

Tulipofika, benchi lilikuwa limejaa. Mwishoni kabisa alikaa mama mmoja wa kwaya ya usharika wetu. Alikuwa kaja kwa shida zake mwenyewe, lakini alikuwa pale. Mwalimu alimwona kabla yangu. Alivuta kitenge kichwani, akasimama nyuma ya mgongo wangu, na mtu huyu ambaye aliwahi kumwambia mkaguzi wa shule atoke darasani mwake mpaka kipindi kiishe, alinong'ona, "Tutakaa hapa mpaka saa ngapi?"

Sijawahi kumsikia akiuliza kitu kwa sauti ile. Ningefanya lolote isijirudie.

Nilimpitisha mlango wa nyuma. Muuguzi aliyekuwa zamu ni mtu niliyefanya naye kazi miaka mingi, ananiamini. Nilimwambia huyu ni kama mama yangu, tusaidie haraka. Akanipa fomu ya maswali ili nianze kuijaza wakati yeye anamalizia mgonjwa mwingine. Maswali yenyewe ni manne. Una kikohozi? Una homa? Unatokwa jasho usiku? Umepungua uzito? Mwalimu alikuwa ameketi mbele yangu, meza katikati, sweta mbili mwilini, mashavu yameingia ndani.

Sikumwuliza. Niliandika hapana, hapana, hapana, hapana.

Nilijua nikiandika ndiyo hata mara moja, tutaanza safari nyingine: makohozi, picha ya kifua, kusubiri majibu, kurudi kesho na kesho kutwa, na kila siku benchi. Nilijiambia kwamba nitamfuatilia mwenyewe. Nilijiambia kwamba akianza dawa leo amepona nusu. Haya ni maneno niliyojiambia, ila chini yake kulikuwa na jambo dogo na la aibu zaidi. Nilitaka aniangalie kama mwanafunzi aliyefanya vizuri. Na aliniangalia hivyo. Tulipotoka na dawa kwenye mkoba, muda haujapita hata saa moja, alinishika kiwiko akasema, "Umenistahi." Niliendesha gari kupanda mlima nikiwa na furaha.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa nzuri. Alianza kula. Mwanawe akiwa mlimani na wageni, nilimwona asubuhi akikata majani ya ng'ombe mwenyewe, na nikamsikia akimsomea gazeti. Wiki ya nne alinisimamisha kwenye mfereji nikienda kazini. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kwa nguvu, kama mtu anayebana kitu kisipasuke.

"Kichwa kinaniuma tangu juzi," akasema. "Na maandishi nayaona mawili mawili. Shingo nayo imekaza."

Nikaangalia saa yangu.

"Si ndiyo yale uliyonieleza? Ya seli zinazorudi na kuzidisha?"

Alikuwa ameelewa somo. Alikuja na jibu na njia yake, kama alivyotufundisha, na ilibaki mimi kuweka alama tu. Sitasema kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Ndani ya muda wa kuvuta pumzi moja nilimwona daktari akifungua faili, akiiona fomu, akiuliza ni nani aliyejaza. Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Ni dawa. Mwili unazizoea. Kunywa maji mengi, pumzika, itapita."

Aliniangalia, jicho moja limefumba kidogo ili asinione wawili. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaenda kwake, kwa sababu nilikuwa nimesema nina hakika, na alinifundisha mwenyewe kutolisema neno hilo ovyo.

Zilipita siku sita. Sikuenda kumwangalia hata siku moja. Nilitoka mapema kwa njia ya juu isiyopita mfereji. Siku ya sita mwanawe alishuka kutoka mlimani, akamkuta ameanguka zizini, anaongea maneno yasiyoungana. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani kama anavyobeba mizigo ya wageni, na alipopita mbele ya geti langu aliniita nilete gari. Nilileta. Nilikimbiza gari lile kama mtu mwema.

Hospitali walimtoa maji ya uti wa mgongo, wakakuta kifua kikuu kilichojificha kwenye utando wa ubongo, na kinga iliyofufuka ikikishambulia humo humo, mahali pasipo na nafasi ya kuvimba. Daktari alieleza kwamba uvimbe umebana mishipa ya macho. Walimpa dawa za kifua kikuu na dawa za kutuliza uvimbe, zile zinazofanya kwa nguvu kazi ambayo seli zake zilishindwa kuifanya. Kichwa kilipoa. Akili ikarudi yote. Alimtambua mwanawe kwa sauti, akanitambua mimi kwa hatua. Kisha akauliza kwa nini hawafungui madirisha. Yalikuwa wazi, na ilikuwa adhuhuri.

Daktari alisema kama angefika siku chache mapema, huenda. Hakumaliza sentensi, na mimi nimeimalizia kila siku tangu hapo. Faili lilifunguliwa, fomu ilionekana, na hakuna aliyeuliza. Dalili za kifua kikuu zinaweza kuanza baada ya maswali, walisema. Hutokea. Muuguzi aliyeniamini hakukumbuka hata ni nani aliyeshika kalamu.

Mwalimu hakuishi upofu wake kama nilivyotarajia. Nilidhani atazama. Alifunga kamba kutoka mlango wa jikoni mpaka zizini, na nyingine mpaka kwenye mfereji, na ndani ya miezi michache alikuwa anakamua. Alimfanya mwanawe amsomee ng'ombe gazeti, naye akasahihisha matamshi. Dawa zake hakuzificha tena. Aliziweka kwenye kabati la vyombo, mahali pa sukari asiyoitumia, na wenzake wa kwaya walipokuja kumpa pole aliwaambia ana nini na anameza nini, wote kwa mara moja. Yule mama wa benchi alikuwepo. Inasemekana alilia, na Mwalimu akamwambia alie nje.

Alikuwa pia na jambo alilolianza baada ya kutoka hospitali. Aliwatafuta wanafunzi wake wa zamani aliowachapa bila kosa. Kulikuwa na watu ambao yeye aliwakumbuka na wao walikwisha kumsahau. Alimshika mwanawe mkono, wakaenda nyumba kwa nyumba. Nilikuwepo siku alipofika kwa fundi seremala mmoja, jirani yetu. Alisimama mlangoni akasema, "Ishirini na Nne, nilikuchapa kwa dirisha lililovunjwa na mwenzako. Nilijua siku iliyofuata, nikanyamaza kwa kuona aibu. Nimekuja kulisema." Fundi yule alicheka, akasema Mwalimu, yamepita. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Kwangu hayajapita. Nimekuambia ili ujue kwamba nilijua." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la randa, nimeshika ubao aliokuwa akiulainisha fundi, na nilitazama sakafu iliyojaa maranda mpaka walipoondoka.

Nilimpelekea vitu. Mchele wa Mabogini, ambao nilikuwa nauagiza kwa mtu ili uwe ule mpya. Redio. Sweta. Nilimtengenezea bomba la maji karibu na jiko. Mwanawe alinishukuru kila mara, na kila shukrani ilikuwa inanichoma. Mwalimu alipokea vitu, akavipapasa, akaviweka. Siku moja akasema, "Unaleta sana, Kumi na Saba," na nikasema si kitu, nikaaga kabla chai haijaiva.

Ilipita miaka miwili namna hiyo.

Jumamosi moja ya mwaka huu alinitumia salamu nije mchana, mwanawe akiwa amekwenda kukata majani. Nilimkuta barazani anachambua maharage kwa vidole, mabovu anayatupa kulia bila kukosea. Nikamwamkia. Aliitikia, akanionyesha kiti.

"Mwanangu anawaambia watu kwamba dawa ndizo zilizonipofusha," alisema. "Anasema hivyo kambini, kwa wapagazi wenzake. Kuna mmoja, kijana wa Marangu, alikuwa anameza dawa kama zangu. Amemsikiliza. Ameacha, mwezi wa pili sasa."

"Mwambie si dawa, Mwalimu."

"Nimemwambia. Haniamini. Anasema kuna kitu namficha." Alitupa harage. "Na ni kweli namficha."

Aliendelea na kazi yake.

"Nilikuwa nimekaa mbele yako siku ile. Macho nilikuwa nayo. Nimesoma maandishi ya watoto yakiwa juu chini, ng'ambo ya meza, miaka thelathini. Niliona umeandika nini."

"Mwalimu."

"Nami nilinyamaza. Nilitaka kutoka pale. Hilo ni langu, nimelibeba. Lakini pale kwenye mfereji nilikuuliza, na ukanijibu una hakika. Lile si langu."

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kikohozi cha kwenye gari na redio, nilimwambia nilivyofikiri kuhusu faili, na ile njia ya juu niliyopita siku sita. Hakunikatiza. Sauti yangu ilipoanza kutetemeka alisema, "Usilie, nitashindwa kukusikia," nikajizuia. Nilipomaliza nikamwomba msamaha.

"Nimekusikia," akasema. "Kusamehe sijafika huko. Siku nikifika nitakuambia, sitakuficha. Wewe endelea kuja. Ila uache kuleta vitu."

Mwanawe alitokea migombani na mzigo wa majani kichwani. Aliutua, akanisalimia kwa furaha kama kawaida yake, akajifuta jasho.

"Keti hapa," mama yake alimwambia. "Jirani ana neno. Kumi na Saba, mwambie. Usianze na seli, hana haja nazo. Anza na fomu."

Nikaanza na fomu. Niliongea nikimtazama, kwa sababu nilijua nikitazama pembeni nitaanza kupunguza. Nilipofika kwenye zile siku sita alisimama, akashuka ngazi mbili za baraza, akanipa mgongo, ule aliombebea mama yake. Niliendelea mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si dawa," akasema bila kugeuka.

"Si dawa. Ni ugonjwa uliokuwa umejificha. Ungetafutwa, ungeonekana. Mimi ndiye niliyefanya usitafutwe. Na alipoanza kuumwa, mimi ndiye niliyemzuia kwenda."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Vidole vya Mwalimu vilikuwa vimetulia ndani ya maharage. Nilisubiri anipige, na nadhani nilitaka iwe hivyo, lingekuwa jambo jepesi. Kijana aligeuka, macho mekundu, akatoa simu mfukoni. Alibonyeza, akasikiliza, akamsalimia mtu kwa jina. Akamwambia, "Nilikudanganya kuhusu mama. Sikujua kama nakudanganya. Subiri, kuna mtu wa maabara hapa, mwenyewe aliyehusika. Msikilize, usikate."

Kisha akaninyooshea simu.

"Mwambie kama ulivyoniambia mimi," akasema. "Usiruke."

Nikaipokea, nikamsalimia yule kijana wa Marangu nisiyemjua, nikamwambia jina langu na kazi yangu, nikaanza tena tangu mwanzo.